Kutoka Kavumu Mpaka Kaburi Lako

Bahati wangu,

Mtoto wetu ni msichana. Naanza na hilo kwa sababu uliondoka bila kujua. Ulipanda boti pale Kalundu kwenda Kalemie kutengeneza moteri ya watu, ukaniacha na tumbo kubwa, ukisema, "Usizae mbele nirudi." Homa ikakushika kule, wakakuzika kulekule, na mimi, kwa ajili ya lile tumbo, muuguzi alinikataza hata kufika bandarini.

Sasa ana meno mawili. Hana jina. Kwenu, mtoto akizaliwa baba ameshakufa, anapewa jina kwenye kaburi la baba, si kwingine. Songo nzima, mtaa wetu wote hapa Uvira, inamwita Bebe. Nikasema haidhuru, tutangoja. Lakini juzi jirani alimwita, "Bebe!" naye akageuza kichwa, akacheka. Ameitika, Bahati. Nilienda kulia nyuma ya nyumba, nikanawa uso, nikasema: basi, tunaenda.

Mama yako alitaka tungoje mpaka mtoto atembee, ndipo twende na boti. "Mtoto iko mudogo hivi, unamupeleka hewani? Weye, hauna huruma?" Nilimjibu kwa heshima, lakini nilimjibu: Mama, ziwa lina mawimbi, na usiku kwenye boti kuna baridi. Ndege ikitoka Kavumu, uwanja wa ndege wa Bukavu, ni saa moja na kidogo tu, iko Kalemie. Hakuniamini.

Unakumbuka tulipokaa juu ya mawe Kalundu, tukitazama ndege ikipaa ng'ambo, Bujumbura? Ulisema, "Wale watakunywa chai Kigoma mbele sisi tumalize huu muhogo." Nikakwambia, kula muhogo wako, chai yao haikuhusu. Sijawahi kupanda ndege mpaka leo. Naogopa, sikudanganyi.

Mama Riziki wa jirani, ambaye amewahi kupanda, amenifundisha: "Ikipanda, mpe titi moja. Ikishuka, mpe lingine. Masikio hayatamuuma." Kumbe uko mbali namna hiyo tu, Bahati. Titi moja, na lingine.

Kinachochosha ni njia ya chini. Nipite Sange, nipande milima mpaka Bukavu, nilale kwa dada yangu, asubuhi ndipo Kavumu. Siku nzima naenda kaskazini, nimekupa mgongo, halafu ndege inigeuze, inirudishe juu ya milima hii hii ya Uvira mpaka kwako! Nilipomweleza mama yako hivyo, jana, alicheka. Mara ya kwanza tangu kilio. Halafu akaingia chumbani, akatoka na kitenge cha kijani, kile alichokubebea wewe mgongoni.

"Mufunge na hiki," akasema. "Kaza sana."

Nitakaza. Tunaondoka Alhamisi. Nimechoka, mgongo unaniuma, usiku Bebe halali, lakini tunaondoka. Jina nimeshalichagua. Mama yako ameuliza, dada yangu ameuliza, sijamwambia mtu, na hapa pia siliandiki. Utalisikia wewe kwanza, kwa mdomo wangu, mtoto akiwa ameshika udongo wako mkononi. Na mimi kuanzia pale sitakuita Bahati tena. Nitakuita Papa wa mtoto wako, kwa jina lake, kama wanavyoitwa wanaume wote wa hapa wenye watoto.

Lala bado kidogo. Tunakuja.

Mama Bebe, kwa siku chache tu