Jino Lililofutwa kwa Kanga

Jumapili, Agosti 1975. Upepo wa kiangazi tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi mtungini. Sina utulivu.

Mwezi uliopita mke wangu, Mama Kulwa, alitolewa jino la mbele lililokuwa likitunga usaha. Daktari wa misheni alitaka kusafisha ncha ya mzizi, kisha alirudishe. Hakulivuta. Alilizungusha kidogo kidogo, kama mtu anayemwondoa mtoto aliyelala mgongoni kwa mama yake.

Alitueleza mapema: mzizi una ngozi hai, asiiguse mtu. Alisema kwa Kiswahili. Mama mkwe, tuliyekuwa naye, anajua Kisukuma tu.

Mimi nilishika kichwa cha mgonjwa, mkwe akapewa kikombe cha maji ya chumvi chenye jino. Tulipeana migongo kama desturi ya mtu na mama mkwe wake inavyotaka. Neno langu kwa mkwe hupitia kwa mke wangu siku zote, naye alikuwa na ganzi na pamba mdomoni.

Niligeuka kidogo. Daktari alikuwa ameinama akisafisha tundu. Mkwe alikuwa amelitoa jino kikombeni, analisugua damu kwa upindo wa kanga.

Nikarudisha macho kwa mgonjwa.

Ningeweza kumwambia daktari. Lakini angemgombeza mbele yangu, na mkwe akiaibishwa mbele ya mkwewe hakanyagi tena nyumba ile. Jino likarudishwa, likafungwa kwa waya kwenye meno ya jirani.

Wakati wa kutoka nikauliza, kama mtu asiye na neno, ngozi ile ikifutwa inakuwaje.

"Mfupa utaula mzizi pole pole," alisema daktari. "Wala hamtajua. Jino litakaza kuliko mwanzo, mtafurahi, mpaka siku litakapokatika. Kwa nini?"

Nikajibu kwamba nilitaka kujua tu.

Alhamisi waya ulitolewa. Leo baada ya misa nilimsikia mkwe akijisifu kwa wenzake kwamba daktari alitaka kulirudisha na damu yake, yeye ndiye aliyelisafisha. Wakamshukuru kwa niaba ya binti yake.

Jioni hii Mama Kulwa ameguguna hindi la kuchoma kwa mara ya kwanza.

"Baba Kulwa, hebu shika," akasema. "Limekaza kuliko mengine yote."

Nililishika. Halitikisiki hata kidogo.

Nikatabasamu naye. Sasa yuko uani anaosha vyombo, anaimba. Nimwambie leo, au nimwache afurahi mpaka jino lijiseme lenyewe?