Chupa ya Maji ya Betri

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Siku ya saba na kidude changu cha betri bado kinazunguka! Pampu mbili ndogo, chupa mbili za dawa ya zinki na ayodini, na katikati seli niliyoichonga kutoka kwa ubao wa kukatia mboga ya sukuma. Mpira wa kuzuia kuvuja nimeukata kutoka kwa tubu ya bodaboda. Mashine za dukani za utafiti huu zinajaza meza nzima, na chuo kingeniambia nizione kwenye picha tu. Yangu inaenea kwenye sinia ya chai.

Umeme wake unakaa ndani ya maji yenyewe. Ukitaka kuweka mwingi zaidi, unatafuta chupa kubwa zaidi. Basi. Inachaji, inatoa, inachaji, inatoa.

Dkt. Bramwel, msimamizi wangu, alichungulia. Akauliza, inavuja? Nikamwonyesha chupa: maji yako pale pale kwenye mstari. Akaniita Khalayi badala ya madam. Amefurahi kweli.

Jumatano, 10 Septemba

Wageni ni Ijumaa ya wiki ijayo. Walimu kutoka vyuo kumi, mmoja wa Bukura. Wakiridhika, wanaondoka na michoro yangu na kila chuo kinajitengenezea chake. Na chumba hiki kinabaki maabara. Wasiporidhika, kinarudi kuwa stoo ya viti vibovu. Dkt. alisema hivyo huku akila njugu, kama mtu anayeongea juu ya hali ya hewa.

Nina miaka miwili ndani ya chumba hiki. Viti!

Ijumaa, 12 Septemba

Nguvu ya betri inashuka kidogo kila siku. Nalaumu utando wa ndani ya seli, ule unaotenganisha dawa za chupa mbili. Rangi ya dawa pia imepauka — au ni macho yangu.

Mzee Hezekiah, anayetusafishia maabara, amefuta meza mpaka inang'aa. Kitambaa chake kimekuwa rangi ya chai ya rangi. Nilimwambia apunguze kunywa chai kazini, akacheka sana. Huyu mzee anakipenda kidude kuliko hata Dkt. Hata Jumapili hupitia hapa kabla ya kanisa kuona kama pampu zinazunguka.

Jumatatu, 15 Septemba

Siku kumi na nne. Nimeandika ripoti. Sentensi ya kwanza: "Kwa siku kumi na nne maji hayajapungua hata tone." Nimeisoma kwa sauti mara mbili, peke yangu. Tamu! Dkt. ameshawatumia wageni wote kumi.

Jumanne, 16 Septemba

Mvua ilinifungia ndani saa saba, nikala kwenye kona ya meza ya maabara. Ndiyo, najua. Karatasi ya HAKUNA CHAKULA mlangoni niliiandika mimi mwenyewe.

Tonge la obusuma, ugali wetu wa nyumbani, likaniponyoka karibu na seli. Nikaliacha nipokee simu ya mama. Niliporudi lilikuwa jeusi upande mmoja. Jeusi la bluu, kama wino.

Kila mtoto wa Kenya amefanya jaribio hilo shuleni. Ayodini ikigusa wanga, inakuwa hivyo. Lakini ayodini yangu iko ndani ya chupa. Haivuji. Nimeandika haivuji!

Nimenyunyiza unga wa ugali kwenye sinia yote, chini ya seli. Nimepiga mistari mipya kwenye chupa kwa kalamu. Nimeandika USIFUTE kwa herufi kubwa. Sina hamu ya kula.

Jumatano, 17 Septemba

Chini ya bolti ya kushoto unga ni mweusi, upana wa vidole vitatu. Inavuja. Sawa. Lakini chupa! Maji yamepanda juu ya mstari. Yamepanda! Tangu lini betri ikajinyeshea mvua?

Hezekiah alikuwa anapiga deki. Nikamuuliza kama kuna mtu amegusa chupa zangu. Akaweka fimbo ya deki chini, akanyoosha mgongo. Akasema, ni mimi, madam, naongezanga kila asubuhi. Akatoa chupa ya maji ya betri kutoka mfuko wa koti. Anainunua kwa pesa yake.

Nilimpigia kelele. Nilimwambia ameniua. Mzee wa umri wa baba yangu, na mlango uko wazi.

Hakunijibu kwa hasira. Alisema kwamba huko sokoni Khayega alichajia watu betri miaka kumi na tisa, zile za gari walizokuwa wanawashia televisheni. Betri ikishuka maji, unaongeza, usipoongeza inakufa. Akasema: "Na hii yako, madam, ilikuwa inashuka. Nikasema huyu mtoto ana mawazo mengi, acha nimsaidie."

Kitambaa hakikuwa na chai. Alikuwa anafuta ayodini yangu kila asubuhi na kunijazia maji. Nguvu kushuka, rangi kupauka — yote iko hapo. Na mimi na digrii zangu mbili sikuuliza mtu hata swali moja.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimefungua seli. Ayodini imeula mpira wa tubu. Umekuwa mgumu kama kucha na una nyufa. Ningekuwa na wiki mbili ningetafuta mpira mwingine. Sina. Nimeweka tubu mpya, nikakaza bolti zote. Imevuja tena kabla ya saa kumi.

Nikamwambia Dkt. Bramwel kila kitu. Akasema ripoti imeshaenda, na wageni hawatapima, wataangalia tu. Niondoe unga. Asubuhi niongeze maji kidogo. Mpira tutarekebisha baadaye. Na mtu akiuliza, tuseme mfagiaji aliingilia mitambo, na mzee ahamishiwe kwenye bustani.

Vyuo kumi vitakata tubu kumi. Meza kumi zitavuja.

Nilitaka kusema hivyo. Mimi niliyemfokea mzee jana nikanyamaza mbele ya daktari. Nimejionea aibu mpaka nyumbani.

Ijumaa, 19 Septemba

Saa tatu kasoro. Naandika nimesimama.

Nilifika, nikamkuta Hezekiah na koti la kanisani. Nikamwomba msamaha. Akasema, "Ah, madam, hiyo iliisha." Akauliza kama unga wa jana ubaki. Nikasema ubaki. Akaongeza mwingine mweupe kando, akausawazisha kwa kiganja, ili ule mweusi uonekane vizuri. Sikumwambia afanye hivyo.

Chupa imeshuka kidole kizima chini ya mstari.

Dkt. aliingia na tai nyekundu. Akaona unga, akaniangalia, akaona chupa. Akamwambia mzee, haya, ongeza maji haraka, wageni wako getini. Wiki mbili hakuna aliyemtuma, leo anatumwa. Hezekiah akatia mkono mfukoni. Lakini aliniangalia mimi. "Madam, niongeze?"

Nikasema nipe hiyo chupa. Akanipa. Dkt. akapumua, akatoka kuwapokea.

Amerudi sasa hivi. Anauliza mbona bado. Nimesema naandika kitu kidogo. Anatafuta maji ya betri kwenye rafu, kwenye sinki, nyuma ya pampu. Chupa iko ndani ya mkoba wangu, naikandamiza kwa kiwiko huku naandika. Hezekiah ameona nikiificha. Ameshika fimbo ya deki na anaangalia dari.

Viatu vingi koridoni. Mwanamke anauliza kwa sauti, ni hapa kwenye ile betri isiyopungua hata tone? Dkt. amesema ndiyo, karibuni, na ananifanyia ishara ya kufuta unga. Kitambaa kiko mbele yangu. Mkono wangu bado uko kwenye kalamu na unga siufuti.