Yah: Kuhamishwa kwa Malkia Mzee Katika Shamba la Mama Feli

Jumapili alasiri. Mvua imekatika tangu asubuhi, ukungu umeinuka, na alizeti zote zimeinamisha vichwa.

Kwako Shajara yangu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Madhumuni ya maandishi haya ni mawili: kwanza, kuweka kumbukumbu ya ushindi nilioupata leo katika ufugaji wa nyuki, pili, kupitia kwako, kuwasilisha ombi kwa mke wangu, Mama Feli, ambaye ndiye mwenye shamba. Amenitamkia mwenyewe, huku akicheka: "Wewe Baba Feli jambo zito huliwezi kwa mdomo. Andika, nitasoma, nitaamua."

Kwa hiyo naandika.

Ni vema chanzo cha shauri hili kieleweke. Mwaka jana, nikiwa mgeni kabisa katika kazi hii, mzinga wangu wa pekee ulifurika nyuki. Pembezoni mwa masega niliona vyumba vya malkia vikining'inia, vikubwa, vyenye makunyanzi kama karanga ambazo hazijamenywa. Nilifahamu kwamba humo hulelewa malkia mpya, na kwamba kundi linajiandaa kugawanyika. Nikafanya afanyavyo mkulima yeyote wa Ufipa aonapo kisichotakiwa shambani: nikapalilia. Kila nilipofungua mzinga nilivikata vyumba hivyo, nikarudi nyumbani na amani moyoni.

Nyuki si magugu.

Nilipokata, walijenga vingine, na kimoja kilichofichwa na rundo la nyuki nilikiruka. Jumapili moja nusu ya kundi ilitoka, ikatua juu ya kengele ya kigango chetu. Katekista alishindwa kuipiga. Waumini waliitwa kwa kupaaziwa sauti, na Mama Feli, kiongozi wa kwaya, aliimba ibada nzima akijua kwamba macho yote yanamtazama mke wa mwenye nyuki. Hukumu ilitoka siku hiyo hiyo: wakihama tena, mzinga uondoke shambani kwake. Shamba hilo aliachiwa na marehemu baba yake. Mimi sina jingine lenye alizeti upande mmoja na miombo upande wa pili. Kufukuzwa hapo kungekuwa mwisho wa ufugaji wangu.

Mwaka huu alizeti zilipoanza kuchanua, vyumba vile vikaonekana tena. Nakiri niliogopa.

Shemeji Kasiano, kaka yake Mama Feli, alikuwa amesimama mbali, ng'ambo ya ulezi, akinipigia kelele: "Shemeji! Hao wameingia vyama vingi! Kila kona mwenyekiti! Safari hii watatua wapi, kwenye kofia ya Paroko?"

Niliendelea kukagua masega. Nilikuwa nimekwisha kutambua jambo ambalo mwaka jana sikulijua: anayehama si binti, ni mama. Malkia mzee ndiye anayeondoka na watu wake, akamwachia nyumba binti ambaye hata kuzaliwa bado. Huwezi kumzuia kwa kuwaua mabinti zake. Lakini waweza kumhamisha wewe, kabla hajaamua mwenyewe.

Nilipomweleza Mama Feli, aliacha kupepeta.

"Kumbe anayeondoka ni mama?"

"Ni mama."

Aliuweka ungo chini. "Basi mtengenezee mahali pazuri. Akae kule juu ya shamba, mpaka tuone."

Nikapeleka kule juu mzinga mpya wa mbao. Nilimtafuta malkia sega kwa sega, moshi ukinitoa machozi na miiba ikipenya glavu. Mara mbili nilitaka kufunga na kukata tamaa. Kisha nikamwona: mrefu, wa rangi ya udongo, akitembea polepole kama mwenye nyumba asiye na haraka na mgeni. Nikamhamisha na sega lake, pamoja na masega mengine yenye asali na majana, yaani watoto wa nyuki. Nyuki wakubwa, waliokwisha kuzoea njia, walirejea mzinga wa zamani. Wadogo wakabaki na mama yao. Katika mzinga wa zamani nilibakiza chumba kimoja cha malkia, kilichonyooka kuliko vyote. Vingine nilivikata baada ya kupangusa nyuki kwa unyoya wa kuku, nisije nikaruka hata kimoja.

Kilichofuata kilikuwa kungoja, na kungoja kulinikondesha. Malkia kijana hana budi kuruka nje kukutana na madume. Ndege akimdaka huko angani, mzinga wote umekwisha.

Leo baada ya ibada nimefungua. Kasiano amekuja karibu, amejifunika khanga ya mkewe usoni.

"Unaangalia nini? Mimi naona matundu tu."

"Geukia jua likupige mgongoni."

"Aa! Kama ncha za sindano!"

Mayai. Yai moja kila tundu, limesimama wima, sega zima, bila kuruka. Malkia mpya anataga! Na kule juu, mama yake anataga. Hakuna kundi lililopotea. Kengele ya kigango imelia leo kwa wakati wake.

Nimepiga magoti kwenye matope.

"Shemeji, nimekubali," amesema Kasiano. "Ila usiandike kwamba nimekubali."

Nimeandika.

Mama Feli, nahitimisha. Nyuki wako hawakuhama. Walihamishwa, kwa idhini yako ya muda. Alizeti zako zimejaa punje hadi katikati, nawe umeziona. Wanunuzi wa asali siku hizi wanatufuata wenyewe kwa magari yao, hatungoji tena ushirika, na mizinga miwili itawapa sababu ya kusimama mlangoni petu. Hata hivyo shamba ni lako, na ruhusa uliyonipa tangu mwanzo ilikuwa ya mzinga mmoja.

Naomba uamuzi wako: mzinga wa pili ubaki, au niuondoe?