Maswali Yalipokuwa Mepesi

Dada Salome mpendwa,

Huko uliko hakuna mitihani, na leo nimekuonea wivu kidogo. Hapa Dodoma tuko kwenye msimu wa udahili, nami nimeshinda mlangoni pa chumba cha kompyuta cha chuo chetu nikiwabembeleza vijana wanaotoka na macho mekundu. Nikakukumbuka wewe, uliyetoka kwenye chumba kama hicho ukicheka.

Unaikumbuka miaka ile soko huria lilipofunguliwa nchini? Kila kitu cha kigeni kilifika kwetu Kongwa: mitumba, sabuni za kila rangi, na mwishowe habari za mtihani wa kuingia vyuo vya ng'ambo, unaofanywa kwenye kompyuta. Kanisa liliahidi kumsomesha kijana mmoja kila mwaka, mradi afikishe alama. Wa kwanza kuchaguliwa ukawa wewe, na mama akaanza kukuaga kabla hata hujaenda Dar kuufanya.

Tangu shule ya msingi walimu walikuwa wametuambia: kula maswali mepesi kwanza, magumu yaache, utayarudia. Ndivyo ulivyofanya. Swali likikubana, ulibonyeza jibu lolote ili usonge mbele, ukijua utarudi. Kumbe mashine ile ilikuwa hairudi nyuma. Halafu maswali yakaanza kulainika, nawe ukaamini Mungu amesikia maombi ya mama.

"Laini kama mlenda!" ulitutangazia hata kabla hujatua begi. Jogoo akachinjwa. Baba, mtu asiyependa maneno, alizunguka kwa majirani wote siku ile.

Alama zilipokuja, hazikukaribia hata kidogo. Kongwa nzima ilikucheka, dada, na mimi nililia kuliko wewe.

Ningekuwa mimi, ningejifungia ndani. Wewe ulipanda basi hadi Dodoma mjini, ukamtafuta kaka mmoja aliyefundisha kompyuta kwenye chumba cha kupanga, ukamng'ang'ania mpaka akakueleza alama zinavyopatikana. Ulirudi jioni, ukanikalisha jikoni tukimenya karanga, maana zamu iliyofuata ilikuwa yangu.

"Sikiliza, mdogo wangu. Ile mashine ni kama mama anapotutwika maji. Ukibeba ndoo ndogo bila kuyumba, anakutwika kubwa zaidi. Ukiyumba, anakupunguzia; nayo ukikosa swali, inakuletea jepesi. Mwisho wa safari hawahesabu ndoo ngapi umebeba, wanaangalia ndoo nzito kiasi gani unaiweza."

"Kwa hiyo wewe..."

"Mimi nilipunguziwa ndoo, nikadhani nimepata nguvu!" Ukacheka mpaka karanga zikamwagika. Kisha ukanishika mkono, na hapo hukuwa unacheka tena. "Usikimbilie mbele. Kila swali lifikirie kama ndilo la mwisho. Likizidi ugumu, usiogope, ndiyo dalili nzuri."

Mwaka uliofuata nilikaa mbele ya mashine ile. Maswali yakawa magumu, yakazidi, hadi nikahisi shati linanigandia mgongoni. Karibu na katikati nilitaka kuinyanyua mikono na kutoka. Kilichonibakiza kwenye kiti ni sauti yako, na jinsi ulivyonishika mkono.

Nashukuru, dada. Nashukuru kwa kunieleza, lakini zaidi kwa kutoificha aibu yako. Ungeweza kusema mashine ilikuwa mbovu, na wote tungekuamini, nami ningeenda kuanguka palepale ulipoanguka. Wewe ukaenda kufundisha watoto kule kijijini Kibakwe, mimi nikapanda ndege, na sikuwahi kuona kinyongo usoni mwako hata siku moja. Vijana wa leo nawaambia maneno yako kabla hawajaingia. Wengine hawaniamini, wanatoka wanalia, kisha wanapata alama nzuri. Natamani ungewaona.

Lakini kinachonirudia zaidi ni siku ile niliporudi kutoka Dar. Nilishuka kwenye basi nikiwa hoi, sina hata hamu ya kusalimia. Baba na mama walisimama kando, wamekoma kabisa kuchinja majogoo mapema. Wewe peke yako ulinisogelea, ukaninong'oneza:

"Yalikuwa mepesi?"

"Yalikuwa magumu, dada. Magumu mno. Hadi la mwisho."

Ukapiga vigelegele palepale stendi. Hakuna aliyekuelewa, na wewe hukujali.

Lala kwa amani.

Mdogo wako, aliyekwenda kwa miguu yako.