Kitufe cha Kufumua

Jumatatu, 10 Novemba 2025

Nimekula kiapo cha kijinga. Niandike kabla sijaanza kujitetea.

Ukurasa wa mtandaoni niliolitengenezea duka la Baba mdogo Ilyasi umeanza kazi leo. Mtaa mzima wa Biryogo unamjua: fundi cherehani, mikono ya dhahabu, na neno moja tu kwa wateja — kesho. Sasa kila mteja ana mstari wake mtandaoni. Imepokelewa. Imekatwa. Imeshonwa. Imepigwa pasi. Fundi anabonyeza kitufe kwenye simu ya duka, na kwa mteja mstari unabadilika wenyewe. Kila sekunde tano ukurasa unaiuliza seva: kuna jipya? Seva inajibu kwa ule mstari tu, mengine yote yanakaa palepale. Nimejipongeza kwa chai ya tangawizi.

Mama akasema upuuzi mtupu, simu ipo, mtu apige. Baba mdogo akacheka, akanigeukia mbele ya wateja: "Blauzi yako iko kwangu, si ndiyo? Basi usinipigie, usikuje hapa dukani. Na mama yako hivyo hivyo. Uangalie hiyo kitu yako tu. Mkipiga hata mara moja, daftari yangu inarudi."

Nikasema sawa. Nani alinituma? Gusaba yangu ni Jumamosi ya tarehe 22. Watu wa mchumba wangu Usumani wanatoka Kanombe kuja kuniomba rasmi, na blauzi ya umushanana wangu, vazi letu la sherehe — mikono mirefu, shanga shingoni — nimeiwekea dau na fundi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Jumatano, 12 Novemba

Aibu! Illuminée kanipigia saa tatu asubuhi. Ndiye anayekaa kwenye cherehani ya pili dukani, kakulia Bujumbura, haogopi kumwambia mtu ukweli. (Kapiga yeye, si mimi. Dau liko salama.)

"Dada, duka letu iko ndani ya duka letu. Jina ya mzee imejiandika mara kumi na moja. Ngoja — kumi na mbili."

Nikajua papo hapo. Jana nilibadilisha kitu kidogo nikasahau kukata kipande. Badala ya mstari mmoja, seva ikawa inarudisha kiolezo kizima: jina la duka, picha ya cherehani, salamu ya karibu, orodha yote. Kila sekunde tano ukurasa mwingine ndani ya ule wa kwanza, nao ukianza kuuliza maswali yake. Mteja mmoja wa Gatsata alidhani tumefungua matawi.

Nimerekebisha kwa dakika nne. Nimecheka kutwa.

Ijumaa, 14 Novemba

Achille, wa meza ya jirani ofisini, hajaacha kunisema. Eti njia yangu ni ya kizamani. Eti tumtumie mteja programu nzima kwenye simu, ijipangie yenyewe kila kitu. Nikamwambia: hapo unampelekea mteja kitambaa, uzi na cherehani, ajishonee. Mimi nampelekea mkono ulioshonwa, simu yake inaubandika tu. Wateja wa Baba mdogo wana simu zenye kioo kilichopasuka na MB za kuhesabu. Achille akasema kiolezo chenyewe kina rangi mbaya. Hapo kasema kweli.

Blauzi: Imekatwa. Nimeruka kwenye kiti.

Jumapili, 16 Novemba

Kikao cha familia hapa nyumbani. Baba mdogo ndiye msemaji wetu siku ya gusaba, kwa hiyo kaja, kakaa, kala, na mimi nimepigwa marufuku kutaja blauzi. Nilimimina chai kimya kama mkwe.

Lakini kulikuwa na jambo. Jana Mukamana, mteja wake wa miaka, aliona mstari wake umeandika Imepigwa pasi. Akaja mbio kutoka Ndera, kabadilisha basi njiani. Akakuta gauni lina mkono mmoja.

Nikakasirika. Nikamwambia Baba mdogo, kwa heshima lakini kwa sauti, kwamba ameuharibu ukurasa. Kama vitufe vinasema uongo, basi ni ile kesho yake tu, imevaa suti.

Hakukasirika. Aliweka kikombe chini. "Lile gauni nilishona mikono yote miwili, mwanangu. Mmoja ulikuwa umepinda, nikaufumua. Sasa ningebonyeza nini? Umenipa vitufe vinne, vyote habari nzuri. Kurudi nyuma hakuna. Basi nikabonyeza nzuri zaidi."

Nikasema mteja akiona kazi inarudi nyuma atazimia.

"Nguo ambayo haijafumuliwa hata mara moja, fundi wake hakuiangalia. Mimi nafumua kila siku. Kwa daftari nasema kesho, mtu anaelewa. Kwa hii yako sina pa kusemea."

Miaka minne naandika programu na sijawahi kuweka kitufe cha kurudi nyuma kwa sababu kwenye mchoro wangu hakuna anayekosea. Nimeona haya kweli.

Jumanne, 18 Novemba

Kitufe cha tano kipo: Imefumuliwa. Nimekiweka kwenye kiolezo kule kwenye seva, na neno hilo likawafikia wateja wote bila wao kugusa chochote. Achille alitazama, akasema hm. Kwa Achille hiyo ni hotuba.

Leo tu kimebonyezwa mara sita! Illuminée anasema simu za malalamiko zimepungua. Mukamana kapiga, lakini kusema tu kwamba mkono ukifumuliwa upya, afadhali upunguzwe upana kidogo.

Blauzi: bado Imekatwa. Zimebaki siku nne. Nimeshika simu mara mbili, nikaiweka. Usumani alinipigia kutoka kazini kwake uwanja wa ndege, ndege zinanguruma nyuma yake, akasema nikitokea nimevaa fulana atanioa hivyo hivyo. Nampenda, ila shangazi zake hawatacheka.

Alhamisi, 20 Novemba

Imeshonwa. Saa nane na dakika tatu. Nililia kidogo chooni ofisini, kisha nikanawa.

Ijumaa, 21 Novemba

Imepigwa pasi! Illuminée ataileta asubuhi. Mama akauliza: kweli, au kama ile ya Mukamana? Nikasema kweli. Nimesema kwa kujiamini sana, halafu nikafungua ukurasa mara tisa.

Jumamosi, 22 Novemba

Saa mbili na nusu asubuhi. Imefumuliwa.

Nimesoma mara tatu. Sijakosea kusoma.

Saa tatu kasoro. Nimeketi kitandani, nimejifunga kanga, nywele tayari, hina tayari, sina blauzi. Wageni saa tano. Mama kaja na simu mkononi, namba ya Baba mdogo iko tayari kwenye kioo. "Dau la nini leo? Piga!" Nikamkatalia. Ajabu ni kwamba sina hofu niliyoitarajia. Angeweza kuacha ile pasi ya jana ikae pale, anitulize. Hakuacha. Ameiona kasoro, ameifungua, na ameniambia. Miaka yote hii sijawahi kusikia fundi akisema hivyo siku ya sherehe ya mtu. Tena msemaji wetu ni yeye mwenyewe: wageni wakifika kabla hajamaliza, hakuna wa kuwajibu.

Saa tatu na nusu. Imeshonwa. Mama kaninyang'anya simu yangu. Kaketi ukingoni mwa kitanda, miwani puani, kaishika kwa mikono miwili. Shangazi kapiga kelele kutoka sebuleni: magari yametoka Kanombe, mtu ampigie Ilyasi.

"Hakuna kupiga," Mama kasema. "Mngoje. Inauliza kila sekunde tano."

Namba ya Baba mdogo kaifuta kwenye kioo cha simu yake. Simu yangu hataki kunirudishia. Ameinamia ule mstari na anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne —