Méschac, Fundi wa Mulango wa Pilipili

Mwaka moja umejaa sasa, Méschac, bwana yangu mudogo, tangu uliniacha mujane mara ya pili. Wasio wa kwetu wasishtuke: mimi ni kambo yako, nyanya; babu yako Constantin alikuwa bwana wa ndoa, wewe mujukuu ulikuwa bwana wa michezo. Yeye aliugua kwanza, tukapata wakati wa kugombana vizuri. Wewe malaria ilikubeba mbio.

Ulitoka huku Kabuta na harufu ya samaki ku shati, ukaenda Lusaka kutengeneza dawa juu ya dada yako Cadette. Damu yake ya SS, ugonjwa wa selimundu, inamuvunja mifupa, na siro ya morfini, dawa yake ya maumivu, inamulaza muchana muzima. Watoto wake wanamupita kama kiti.

Ulinieleza ukikula bukari kwangu, machozi yanakutoka: "Kambo, ku mishipa kuko kamulango. Pilipili inapitia pale, moto unapitia pale, maumivu pia. Niko natafuta kitu kadogo sana cha kukafunga, bila kulaza mutu."

Nikasema: "Funga maumivu, uache pilipili, ama hutakula tena hapa." Ukacheka. Kumbe ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Juu dawa yako ya kwanza ilifunga yote. Panya wa labo walikanyaga moto wakabaki pale, wanakutazama kama wageni wa ndoa. Nilisema, "Leta ile ile, Cadette ataangalia sufuria na macho." Ukakataa: "Akiungua, kambo, nitamuambia nini?" Tukanuniana Noeli muzima.

Mwenzako wa labo, Mukuka, anaendelea na kazi yako. Ile mupya inaacha mutu asikie moto, lakini inapandisha homa. Nikamuuliza: "Munafunga mulango, munafungua dirisha? Haiko tayari?" Akajibu: "Bado, kambo." Kila simu, bado! Neno hili lingekuwa unga, Kabuta yote ingeshiba.

Kila ukifika huku, mbele ya kuvua viatu, ulichemusha maji ukamukanda Cadette miguu. Sasa namukanda mimi. Anasema mikono yangu ni ya kukwangua samaki.

Misa yako ni Jumamosi hii. Cadette amekataa siro asubuhi ile, asisinzie tukitaja jina yako. Nimemugombeza, hasikii; ukaidi wenu ni moja. Atasimama na maumivu yake yote. Kama huko uliko kuna namna ya kumusaidia, usingojee Mukuka.

Wanaokulilia: kambo yako Léonie, mama yako Pierrette, Cadette na bwana yake Fabien, na watoto wao.

Jina yako haitatoka mu midomo yetu.