Jiwe la Chumvi Lililopakwa Mafuta

Konde, Pemba
18 Februari 2024

Mwanangu Anjela,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, ila nyayo zimepasuka kwa maji ya chumvi. Wewe na chuo mnaendeleaje?

Jiwe la chumvi uliloniomba nalituma. Chumvi ikikwanguliwa kila siku hutoka ungaunga, kwa hiyo kona moja ya jaruba tunamokaushia chumvi niliiacha wiki tano bila kukwangua. Msimamizi wetu, Mzee Haroub, akanicheka: "Dionis, wafuga chumvi kama kuku?" Nikamwambia binti yangu anaisomea. Papo hapo akaizungushia kona vijiti, mtu asiivuruge.

Limetoka moja tu safi. Mvua imewahi mwaka huu, imeshajaza jaruba, halipatikani lingine mpaka kiangazi kijacho. Mimi niliishia darasa la tano. Nieleze utalifanyia nini.

Baba yako,
Dionis

Dar es Salaam
2 Machi 2024

Baba mpenzi,

Milele na milele, amina. Shikamoo. Mimi sijambo kwa mwili tu.

Chumvi imejengwa kwa chembe za umeme chanya na hasi, zimepangwa kwa zamu, nazo hutikisika muda wote. Mawimbi ya joto yana umeme unaogeukageuka: huvuta chanya huku, hasi kule. Yakigeuka kwa mwendo unaokaribiana na mtikisiko wa chumvi yenyewe, hayaingii. Chumvi huyarudisha kama kioo. Mengine huyapitisha tu.

Lakini jiwe lako linazuia hata yale ambayo lingeyapitisha. Mwalimu anasema nimepima vibaya. Nisipokuwa na majibu Ijumaa, narudia mwaka. Baba, ulilipaka kitu? Usinifiche.

Mwanao,
Anjela

Konde
4 Machi 2024

Mwanangu,

Natumai umelala, maana mimi sikulala. Picha ya barua yako niliisoma kwenye simu ya Ngwali, mwenzangu wa kazi, naye atakutumia hii vivyo hivyo.

Nimechana barua moja kabla ya hii. Ile ilisema sikupaka kitu.

Nilipaka mafuta ya karafuu. Huku wanayapaka kila mahali, jino, goti, kifua. Nililiona jiwe linatoa jasho, nikasema yatalikinga safarini. Mwonyeshe mwalimu barua hii ajue aliyekosea ni mimi. Na maji usiliguse nayo, litayeyuka. Hilo nalijua bila shule.

Hayo ya chanya na hasi yameniingia. Nikibeba machela ya chumvi na Ngwali, mmoja akivutia mbele na mwingine nyuma, hatupiti kwenye tuta.

Nisamehe.

Baba yako

Dar es Salaam
9 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Nyayo zako vipi? Zipake hayo mafuta, hapo ndipo mahali pake.

Jiwe nililifuta kwa spiriti isiyo na maji, mara tatu. Mawimbi yaliyozuiwa yakapita. Tukapima yale yanayokaribiana na mtikisiko wa chumvi, likayarudisha karibu yote. Kioo kabisa! Nimewasilisha jana saa tisa. Mwalimu aliisoma barua yako mara mbili, akasema wengi wenye digrii wangetuma ile uliyoichana.

Jiwe lipo mezani kwangu. Bado linanukia karafuu. Mashine ya kupimia haioni kitu, lakini mimi naisikia.

Mwanao,
Anjela